Kabati la Mkanda

Nyoka alikuwa akisugua pua kwenye kioo. Alipanda taratibu kwenye kona ya kabati, akafika juu, akateleza, akashuka, akaanza tena palepale. Mimi nilikuwa kwenye kochi na kikombe changu cha chai, namtazama kama mtu anayetazama mpira. Nikamwita dada yangu kwa sauti aje naye aone.

"Njoo umwone Mkanda anavyoifurahia nyumba yake! Anacheza tu huyu, hachoki!"

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu. Na alipochoka akalala kimya pembeni, nikasema ametulia. Akisogea, anacheza, asiposogea, ametulia. Mnyama maskini hakuwa na njia ya kunishinda.

Mimi ni seremala. Nimeshika randa miaka thelathini na sita, na makabati ya vioo ndiyo yaliyonipa jina mtaani. Ukiingia sebule yoyote ya kwetu ukakuta kabati limejaa vyombo visivyopakuliwa chakula hata siku moja, ujue mkono wangu umepita hapo. Basi binti yangu aliporudi nyumbani baada ya miaka sita ya ndoa, na sanduku moja la nguo na ndoo ya plastiki yenye matundu kwenye kifuniko, nilifanya kile ninachokijua. Nilitengeneza kabati.

Ndani ya ndoo mlikuwa na chatu. Si wale wa kumeza mbuzi. Huyu ni wa aina fupi na nene, hana sumu, na akiogopa hujikunja akawa donge, kichwa akakificha katikati. Alikuwa wa maabara ya shule ambako binti yangu alifanya kazi. Maabara ilipofungwa kila mtu alimkwepa, yeye akamchukua. Wakati huo alikuwa mwembamba kama mkanda wa suruali, na jina likamganda. Kuhusu ndoa, binti yangu hakuleta maelezo. Alisema, "Baba, nimerudi," nami nikamjibu, "Karibu, mama," maana humwita mama tangu azaliwe. Tukaishia hapo.

Chumba chake cha zamani nilikuwa nimekigeuza stoo ya mbao. Mlango niliung'oa mwaka uleule alioolewa ili mbao ndefu zipite, nikaupeleka karakana, ukawa meza ya kupakia vanishi. Aliporudi nilitoa mbao, nikafagia, nikatundika pazia. Siku ya pili akauliza mlango uko wapi.

"Nyumba njema si mlango, mama," nikamwambia, nikacheka mwenyewe. "Nitaurudisha kesho."

Mnajua kesho ya fundi. Wiki ikapita, zikapita tisa. Lakini nikisema kweli, sikuwa nimesahau. Nilipenda lile pazia. Nikipita koridoni niliinua ncha yake kidogo nione kama amekula, kama amelala, kama analia. Tangu mama yake atutoke nimekuwa mtu wa kuchungulia, na kuchungulia nilikuita kulea.

Tuliache hilo kwanza. Kabati la Mkanda lilikuwa kazi yangu bora kuliko zote. Vioo pande nne, mtu aone kutoka popote alipo. Fremu ya mwerezi, mbao nyekundu inayonukia kama duka la manukato, vanishi mara tatu, msasa kila baada ya mpako. Chini sikutaka kuweka matambara. Nilimwaga maranda ya mwerezi uleule, yametoka kwenye randa yakiwa yamejikunja vizuri kama nywele za mtoto. Nikaliweka katikati ya sebule, chini ya taa. Majirani walikuja kwa zamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kila aliyesifu, nilifungua kifuniko nikamtoa nyoka.

"Shika, haumi. Mnaona anavyonizunguka mkono? Ananikumbatia. Ananijua huyu."

Dada yangu naye alikuwa na zamu yake, ila yeye hakuja kwa ajili ya nyoka. Aliinua pazia bila neno, akaingia na wenzake wawili watatu, akamshika binti yangu mashavu, akamvuta kifuani. "Masikini mwanangu! Niangalie. Niangalie shangazi yako." Binti yangu alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akaangaliwa. Wakitoka, dada alininong'oneza kwa furaha, "Afadhali, ametulia sasa." Nami nikaitikia.

Ila Mkanda hakuwa anakula. Panya wake, waliokufa na kugandishwa, walikaa kwenye kopo ndani ya friji, na siku dada alipofungua kopo hilo akitafuta barafu, mtaa mzima ulisikia. Kila baada ya siku kadhaa binti yangu alimpasha panya mmoja moto kwenye maji, akamshusha kwa koleo mbele ya nyoka. Mkanda aligeuza kichwa. Wiki ya tisa alikuwa amekonda hadi mfupa wa mgongo umejitokeza kama mshono, na puani alikuwa na kidonda kibichi.

Jioni moja nikapita koridoni, nikamsikia binti yangu nyuma ya pazia akizungumza kwenye simu na mtu nisiyemjua. "Nitakuja na Mkanda," alisema. "Chumba hata kikiwa kidogo si neno. Hapa atanifia." Akasikiliza. "Hapana, Baba hana ubaya. Ndiyo maana siwezi kumwambia."

Nilisimama pale na mkono wangu kwenye pazia. Nilitaka kuingia nimkemee, nimbembeleze, sijui. Mtoto niliyemfunga viatu, nikamsuka nywele kwa vidole hivi vyenye gundi, ananikimbia kwa kunionea huruma. Nikaelewa jambo moja tu: Mkanda asipopona katika nyumba hii, mwanangu ataondoka, na safari hii harudi.

Asubuhi nikamwita daktari wa mifugo. Ni mama mfupi mwenye buti za mpira, hutibu ng'ombe na mbwa, na hana muda wa maneno. Hata hakumtazama nyoka kwanza. Alisimama mlangoni mwa sebule akavuta hewa.

"Harufu gani hii?"

"Mwerezi," nikasema, kifua mbele. "Mbao ya maana hiyo, daktari. Sanduku la mwerezi haliingiwi na mdudu miaka mia."

"Kwa nini haliingiwi?"

"Kwa sababu ya mafuta yake. Mdudu akiingia mle anaku…"

Sikumalizia. Daktari naye hakunimalizia. Alifungua kifuniko, akachota maranda kwa kiganja, akayanusa, akayarudisha.

"Na vanishi juu yake," alisema. "Huyu anapumua hii mchana na usiku, mzee. Sasa niambie, huwa analala wapi?"

"Humohumo. Nafasi si anayo?"

"Nafasi anayo, maficho hana. Mtazame macho. Unaona kope?"

Nikainama. Wiki tisa nilikuwa nimemwonyesha watu yule nyoka, na sikuwahi kuona kwamba hana kope. Macho mawili madogo, wazi, yasiyofumbika.

"Hawezi kufumba macho," alisema daktari. "Wewe ukichoka na watu unafumba. Yeye njia yake ya kufumba ni kuingia shimoni, mahali pembamba, agusane na kuta pande zote. Umemwekea vioo vinne na taa. Hiyo pua hakuipata kwa kucheza. Anatafuta pa kutokea."

Nilikuwa na ngao moja tu iliyobaki. Nikasema, "Lakini mkononi anatulia, daktari. Ananikumbatia."

"Anajishika asianguke, mzee."

Alisema bila ubaya, kama anayemwambia mtu kifungo chake kimefunguka. "Sikatai, wapo wanaozoea. Mwache atoke mwenyewe, muda mfupi, si siku ya kula, wala siku mbili baada yake, wala siku anazojichubua ngozi. Ulimi wake uutazame kama unatoka polepole. Kama anapenda, mimi sijui, hajaniambia. Ila nimeshika ng'ombe wengi. Aliyetulia na aliyeganda kwa hofu, wote hawasogei."

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya pazia lake. Nikamgeukia.

"Mama, ulijua haya?"

"Nilikuambia, Baba. Siku ya kwanza. Ukasema mwerezi ni mbao ya wafalme." Alitazama sakafu. "Nikatoa maranda, nikaweka magazeti. Ukarudisha maranda."

Ni kweli. Nilikuta magazeti nikaona aibu, nyoka wangu kulazwa juu ya magazeti kama mboga sokoni. Nilidhani maranda yameisha, nikaleta gunia zima.

"Na hukusema tena?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Na nyumba ni yako." Akavuta pumzi. "Mimi najua kuvumilia, Baba. Nimevumilia miaka sita, watu wote wakisema nimetulia. Mkanda ndiye aliyeshindwa."

Hilo ndilo neno lake la kwanza kuhusu ndoa yake, na alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba kusogezewa chumvi. Daktari akajifanya anafunga begi. Mimi nilikuwa na mambo mia ya kuuliza, mumeo alikufanya nini, yuko wapi sasa nimfuate na nyundo.  Nikaona mikono yangu imeshainuka kumshika mabega, nikaona na yeye ameshaganda akiisubiri, kama anavyowasubiri wote. Nikaishusha. Sijawahi kubeba gogo zito kama mikono ile.

Siku hiyohiyo nilitengeneza kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Boksi la mbao kuukuu zisizo na harufu, pande tatu zimezibwa, mbele kioo kifupi cha kumwonea, mwenyewe akitaka kuonekana. Kifuniko chenye kufuli, maana nyoka hupenya penye upenyo wa kidole. Upande mmoja kikeka cha umeme chenye joto, upande mwingine baridi, achague. Bakuli zito la maji. Na vijumba viwili vya kujifichia, kimoja kila upande, vyembamba kiasi kwamba nilihisi namwonea. Binti yangu alivipima kwa kiganja akasema, "Punguza kidogo." Nikapunguza. Chini tukatandika magazeti. Sikupaka vanishi hata tone, na mkono uliniwasha siku nzima. Boksi tukaliweka chumbani kwake, mbali na sebule.

Kisha nikaenda karakana nikaondoa makopo juu ya ile meza, nikaigeuza. Mlango wa binti yangu ulikuwa na madoa ya vanishi ya miaka sita. Nikaupiga randa, nikaulainisha kwa msasa, nikaubeba kichwani hadi nyumbani. Nikafunga bawaba tatu. Komeo nikalipigilia kwa ndani. Nilipomaliza nilitoka nikaufunga nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi sikuweza kumwona.

Komeo likasukumwa. Nilisikia chuma kikiingia kwenye tundu lake. Halafu binti yangu akalia. Hakulia kama anavyolia mtu mwenye wageni. Alilia kwa sauti ya tumboni, kilio ambacho lile pazia halikuwahi kukipata hata robo. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami niliujua wote pale, nikiwa na bisibisi mfukoni, na ubao wa inchi moja na nusu kati yetu niliouweka mwenyewe.

"Hodi," nikasema. Sijui kama niliwahi kusema neno hilo ndani ya nyumba yangu.

Akapenga kamasi. "Bado, Baba."

Nikaondoka.

Kesho yake dada alikuja na wenzake, akakuta ubao badala ya pazia, nusura agonge paji la uso. "Na huu mlango vipi? Mgonjwa anafungiwa?"

"Si mgonjwa, dada. Piga hodi."

"Mimi? Nyumba ya kaka yangu?"

"Wewe."

Akapiga, uso umevimba kwa hasira. Ndani akajibiwa kwa adabu kwamba si leo, shangazi. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeng'atwa na nyoka akili ikaruka. Nikamtengea kiti akanywa chai na mimi, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya siku nyingi.

Siku kumi na moja hakuna aliyemgusa Mkanda. Kabati la vioo nililirudisha karakana. Mteja mmoja anataka kuweka vikombe. Ile simu kuhusu chumba cha kuhamia sikuiuliza, ingawa sanduku la nguo nililiona siku moja mlango ulipofunguliwa, limesimama kando ya kitanda, na sikujua kama linafunguliwa au linafungwa.

Siku ya kumi na mbili, alasiri, nilimpelekea chai. Nikasimama mbele ya mlango na kikombe mkononi.

"Hodi."

 Nikapiga ya pili, taratibu. Nilisikia gazeti likichakarika, kisha kama mtu amezuia pumzi. Hodi ya tatu sikuipiga.

"Bado, Baba," alinong'ona kutoka ndani. "Anakula."

 Nikageuka niondoke kwa ncha za vidole nisiwasumbue, nikasikia tena sauti yake, chini kabisa, karibu na ubao.

"Usiende mbali."

Nikakaa chini palepale koridoni, mgongo ukutani, kikombe nimekishika kwa mikono miwili, nikasubiri.