Soksi Ndani ya Piano

Ovide Trepagnier alibeba ndizi bandarini hapa New Orleans mpaka Jumatatu ile asubuhi, alipomwambia msimamizi wake pa kuziweka. Pahali penyewe sipaandiki, mchungaji wangu husoma kila ninachoandika. Aliacha kazi kwa sababu Bwana Kessler, mwenye studio nyuma ya duka la fanicha, alikuwa amemwita arekodi wimbo. Wimbo ukiharibika, Ovide hana pa kurudi. Hata ndizi zisingempokea.

Muziki wenyewe ndio huo mnaouita R&B. Sisi tuliuita Jumamosi.

Ovide alijifunzia piano kwenye baa ya Madam Odalie. Piano ile ilikunywa maji ya kimbunga, na upande wa kushoto meno yake manne, vile vibao vya kubonyeza, yakafa. Ukiyapiga hayalii, yanagonga ubao tu: tok. Mtu mwingine angeyakwepa. Ovide alikuwa mvivu wa kukwepa, akayapiga hivyo hivyo, na ile tok ndiyo iliyotikisa viuno vya mtaa mzima. Nimemwona shemasi akitikisika, na jina lake nitalitaja akinikosea.

Mimi niliitwa studio kupiga makofi na kuitikia. Nilivaa soksi zangu ndefu za nailoni, mpya, na nikaja na sufuria la maharage mekundu, maana ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu hapa hata maiti anakula maharage.

Piano ya Kessler ilikuwa nzima, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ovide akaanza. Mungu anisamehe, ilikuwa kama mkutano wa wakwe, kila mtu anasema na hakuna anayesikilizwa. Pale palipopaswa kugonga, paliimba.

"Unapiga nini?" Kessler akauliza.

"Ule ule wimbo, bosi."

"Ule ule wa nani?"

Akajaribu kuyaruka yale meno. Mkono ukachechemea kama kuku aliyefungwa mguu. Akajaribu tena. Jasho likamtiririka mpaka kwenye tai.

Placide, mpiga ngoma wetu, akaweka vijiti chini. "Kaka, ndizi zinaiva huko."

"Funga mdomo, Placide."

"Nakuwazia tu. Mgongo wako bado una umbo la kazi."

Kessler akatazama saa. "Mchana naingiza watu wengine. Ukishindwa, ni wao."

Ovide akanigeukia, macho yamemtoka. "Dada Earline, vidole vyangu vimerogwa."

"Hujarogwa, we mpumbavu. Kwa Odalie hayo meno yamekufa. Haya hapa yako hai, ndiyo yanayokuumbua."

"Nifanyeje, niyaue?"

Nikaketi juu ya kasha la ngoma, nikavua soksi zangu. Kessler angeweza kugeukia ukutani kama mtu aliyelelewa. Hakugeuka. Tukafunua piano, nikazisokomeza katikati ya nyaya na vinyundo vya meno yale manne, nikabana vizuri.

Ovide akapiga. Tok.

"Huyo sasa!" Placide akaokota vijiti.

Wimbo ukaingia kwenye sahani ya santuri kabla maharage hayajapoa. Kufika Krismasi, redio zilikuwa zinaupiga kutoka Texas hadi Chicago, na Ovide anazunguka miji akiwa na mkoba wa soksi za kike. Mkewe, Verlie, akaufungua.

"Za nani hizi?"

"Vifaa vya kazi, mpenzi."

Tangu ndoa zianze hapa duniani, hakuna mume aliyesema kweli tupu akapigwa sufuria namna ile.

Mwaka uliofuata akarudi kupiga kwa Odalie. Mtaa wote ulikuja, hata yule msimamizi wa bandarini, amekaa mbele kabisa, ameleta kicheko chake tayari. Ovide akaketi, akapasha vidole, akapiga.

Meno yote yakaimba.

Madam Odalie akasimama, amefura kwa fahari. "Nimeleta fundi, mwanangu. Kwa heshima yako. Hakuna jino bovu hata moja."

Msimamizi akaanza kukitoa kile kicheko. Ovide akautafuta mkoba, akakumbuka ameuacha nyumbani, kwa kuwa nani angedhani atauhitaji hapa? Akanitazama. Baa nzima ikaitazama miguu yangu.

"Msinitazame mimi," nikasema. "Leo nimekuja na ngozi niliyozaliwa nayo."

Kiti kikalia nyuma. Verlie akaja mbele, kichwa juu, akaweka mguu mmoja kwenye benchi la piano, pembeni mwa mumewe, na kuanza kuvua taratibu, huku akimtazama Ovide kama anayekagua mzigo.

"Hizi zina mwenyewe," akamwambia. "Ukimaliza, unazirudisha mguuni. Wewe mwenyewe."

Ovide akazisokomeza kwenye vinyundo. Akapiga.

Tok.

Msimamizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka kucheza.