Mhojiwa Namba Arobaini na Moja

Mwalimu Hermenegildi alistaafu uratibu wa elimu kata akiwa na sifa moja ambayo kijiji kizima cha Namawala kilimkubalia: alikuwa msomaji. Kila asubuhi alikaa barazani na gazeti, mguu juu ya mguu, akiguna na kutikisa kichwa. Waliopita kwenda mashambani walimpa shikamoo kwa sauti ya chini wasije wakamkatiza. Naye aliwasikitikia, hasa Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, maana kwa maoni yake mtu asiyesoma hakuwa na tofauti kubwa na mifugo yake.

Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi hakuwa amesoma mstari hata mmoja. Herufi zilianza kumponyoka taratibu, kisha zikawa ukungu. Miwani hakuitaka, alisema inazeesha. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Mwaka 1997 watafiti wa malaria waliokuwa wakihoji wanakijiji kuhusu vyandarua walihitaji mtu wa kusahihisha Kiswahili cha mahojiano. Wakamwomba yeye. Angekataaje? Jumatatu gari la mradi likamshusha Ifakara, kwenye chumba chenye kompyuta mbili na feni, ambako karani aitwaye Levina alimkabidhi rundo la karatasi na kalamu nyekundu.

Hadi saa nne kalamu haikuwa imegusa kitu. Mwalimu alisema karatasi ni duni. Halafu akasema wino umefifia. Alipoanza kuulaumu mwanga wa dirisha, Levina, ambaye bibi yake naye alizilaumu sindano zote kwa kukosa matundu, hakubishana. Alimvutia kiti mbele ya kompyuta, akafungua mahojiano yale yale, akabonyeza mara kadhaa. Herufi zikakua. Zikakua tena, hadi mstari ukabeba maneno matatu tu.

"Hapo wino unatosha, Mwalimu?"

Mwalimu akasogeza kiti mbele. Alikuwa anasoma.

Alisoma kama mtu aliyetoka kwenye Kwaresima isiyo na Pasaka. Majina yalikuwa yameondolewa, wahojiwa wamebaki namba tu. Namba kumi na mbili alikiri kwamba chandarua chake kinavua perege vizuri kuliko wavu. Namba ishirini alikizungushia mchicha wake, yeye mwenyewe akalala na mbu. Mwalimu aliwacheka mpaka akasahau kusahihisha, Levina akamkumbusha mara mbili. Tangu siku hiyo alikuwa barabarani kabla gari halijafika.

Alhamisi akamfikia namba arobaini na moja. Mwanamke, mkulima wa mpunga, mume mstaafu. Aliulizwa ni nani nyumbani aliyesoma karatasi ya maelekezo ya dawa ya chandarua.

"Aliisoma mume wangu. Akatuambia tuchovye, kisha tufue kwa sabuni. Tukafua, dawa ikaenda na maji. Mume wangu haoni herufi, mwaka wa tisa huu. Nimewahi kumpa gazeti lile lile wiki tatu mfululizo, na kila siku akaniambia habari za leo ni mbaya. Sasa karatasi zote nampelekea jirani yangu Msukuma. Yeye kajifunzia ukubwani, lakini anasoma kilichoandikwa."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amekwisha kucheka, tena kwa sauti, kabla hajatambua kwamba anayesema ni Digna, mkewe wa ndoa ya miaka arobaini.

Masikio yakamwaka moto. Kitufe cha kufuta alikuwa ameshaonyeshwa, na kidole kikakiendea. Hapo kikasita. Katika rundo lote hapakuwa na mtu aliyesimulia vizuri kama Digna, na Mwalimu alikuwa amelala kitanda kimoja na msimulizi huyo bila kumsikiliza hata siku moja.

Levina alimuuliza kama ameona kosa.

"Moja," Mwalimu akasema. "Si mwaka wa tisa. Ni wa kumi na moja."

Nyumbani hakumwambia Digna neno, ila alikichovya chandarua upya kwenye dawa, na sabuni hakuigusa.

Wiki iliyofuata kazi ikaisha. Kompyuta ikabaki Ifakara, Mwalimu akabaki na njaa ya kusoma. Akavumilia siku nne, kisha akaenda kupimwa macho, akarudi na miwani minene iliyomfanya aonekane kama chura aliyeshtuliwa. Kilichobaki kilikuwa kupata vitabu, na vitabu vya kijiji, masalia ya darasa la watu wazima, vilikuwa kwenye sanduku la bati kwa Nyamizi, yule jirani Msukuma.

Nyamizi alimpa shikamoo, akatoa daftari, akamuuliza majina yake kamili kana kwamba hamjui, akamwonyesha pa kusaini. Mwalimu alichagua vitabu viwili. Nyamizi akarudisha kimoja sandukuni.

"Mwanafunzi mpya anaanza na kimoja, Mwalimu."

Mwalimu alitaka kumkumbusha anazungumza na nani. Badala yake akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma papo hapo, amesimama katikati ya njia ya ng'ombe, hadi Nyamizi akalazimika kumwomba mara mbili asogee mifugo ipite.