Moyo Uliopanda Mlima

Kila Alhamisi saa nane mchana, Thozama alipiga pasi blauzi nyekundu ya dada yake. Alipiga ameketi, kwa sababu akisimama muda mrefu kucha zake hugeuka bluu. Alianza na kola nyeupe, akaja kwenye mikono, akamalizia na mstari wa vifungo.

"Kwenye kola pana mkunjo," alisema Zoleka, dada mtu.

"Mkunjo uko shingoni mwako, dada. Kola imeuiga tu."

Zoleka alivikwa blauzi ile na akina mama wa kanisa miaka kumi na mmoja iliyopita. Mwaka huohuo Thozama aliandikishwa kuwa mtarajiwa. Mtarajiwa huvaa shati jeupe na sketi nyeusi, hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na hungoja mpaka atimize masharti. Wenzake walitimiza kwa miaka mitatu. Thozama alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na shati lile lilikuwa la nne. Kila mshono wa blauzi ya dada yake aliujua, na kila Alhamisi aliupiga pasi pamoja na wivu wake, vyote vikanyooka mpaka Alhamisi nyingine.

Alizaliwa na tundu moyoni na mrija mwembamba wa damu. Daktari alimchorea mama yao nyumba ya vyumba vinne nyuma ya karatasi ya dawa, akatoboa ukuta mmoja kwa kalamu, akasema mtoto hatafika miaka saba. Alipofika saba, mama aliikunja karatasi ile akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Ilikuwamo hata sasa, na mama alikwisha kufa. Kila asubuhi kabla ya kuinuka, Thozama aliweka kiganja kifuani akasema, "Bwana, ni mimi tena." Kisha alingoja jibu chini ya kiganja. Lilichelewa kidogo, lakini halijapata kukosa kuja, na kwa jibu hilo aliinuka, akachota maji, akawasha jiko.

Masharti ya blauzi yalikuwa matatu. Kwanza, kuhudhuria ibada ya akina mama kila Alhamisi kwa miaka mitatu bila kukosa. Pili, kupanda mlima siku ya Ijumaa Kuu, kutoka darajani mpaka kwenye msalaba wa chuma, bila kuketi. Tatu, mwanamke mwenye blauzi kutoka nyumba ya mtarajiwa asimame aseme, "Namjua huyu, mvikeni."

Kila mwaka Thozama alifika jiwe la tatu la njia ile, akachuchumaa. Tangu utoto kuchuchumaa ndiko kulikomrudishia pumzi. Jambo hilo lilijadiliwa kikaoni, na mke wa mchungaji, MaRadebe, akaamua kwamba kuchuchumaa ni kuketi bila kiti.

Mwenye blauzi akifa huzikwa nayo, na wenzake husimama safu mbili kutoka mlangoni kwake mpaka kaburini, wakiimba. Mtarajiwa huzikwa na ndugu zake. Thozama hakuomba kupona. Aliomba zile safu mbili.

Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi, Zoleka alikuwa mbele akipiga mto. Katika kanisa lile hapakuwa na ngoma. Wimbo uliendeshwa kwa mto mdogo wa ngozi, ulioshikwa mkono mmoja na kupigwa kwa kiganja cha mkono mwingine, na kengele ikijibu. Hakuna aliyempita Zoleka kwa kupiga mto katika wilaya nzima ya Cala, na yeye alikuwa wa kwanza kulijua hilo. Ubeti wa pili mshono ulifumuka, sufu ikamwagika sakafuni, na wimbo ukaanza kuyumba.

Hapo mapigo mengine yakasikika kutoka benchi la nyuma. Yalikuwa matatu, yenye mvumo kama wa upepo katikati, kisha matatu tena. Yalitoka kifuani mwa Thozama, yakapita kwenye shati, yakajaa kanisa mpaka mabati yakatikisika. Akina mama waligeuka, wakaona yanakotoka, wakarudi kwenye wimbo:

*Mwamba wangu nishikie,*
*mlima ni wako, Bwana.*

Bibi kizee MamBhele alipiga kengele yake pale penye ule mvumo wa upepo, katikati ya mapigo. Wimbo haukuwahi kwenda vizuri vile. Baadaye matangazo yalisomwa kama kawaida: Jumamosi kuna maziko, sufuria kubwa ziletwe mapema, na mtarajiwa Thozama naye aje mapema, na moyo wake.

Tangu siku hiyo alihamishiwa mbele. Kiti chake kilitandikwa kitambaa cheupe, ili asije mgeni akadhani amevikwa. Makanisa ya ng'ambo ya mto Tsomo yalituma watu kumwazima. Zoleka aliushona mto wake, akausukuma chini ya kitanda.

Jioni moja Zoleka alikuwa akikoroga makande, na moyo wa mdogo wake ukidunda pale mezani kama mgeni mwenye maneno mengi.

"Huwezi kuunyamazisha hata tukila?"

"Nimejaribu. Haunisikii."

"Mimi nilikubeba mgongoni kwenda shule, unakumbuka? Kilima chote kile. Kuku alikuwa mmoja, na yai lilikuwa lako. Mama alikesha kwako. Maombi ya nyumba hii yalikuwa na jina lako mwanzo mpaka amina. Langu lilitajwa kuni zikiisha."

"Ulitaka kuwa mimi, dada?"

"Nilitaka kuombewa. Mara moja tu."

"Na mimi nilitaka kupanda. Mara moja tu."

Walikula. Zoleka alipoweka kijiko chini, alifungua vifungo viwili vya gauni lake.

"Hebu sikiliza wangu. Hakuna aliyewahi kuusikiliza."

Thozama aliweka sikio, akakaa hivyo muda mrefu.

"Unasemaje?"

"Hausemi kitu, dada. Unafanya kazi."

Zoleka alifunga vifungo vyake, akaosha vyombo.

Ijumaa Kuu akina mama walikutana darajani, wekundu mtupu, wakaanza kupanda. Thozama alifika jiwe la tatu, akachuchumaa. Moyo wake haukuchuchumaa. Uliendelea na njia, ukidunda hatua chache mbele ya wanawake, kama mbuzi anayeijua njia, na wote wakakanyaga kwa mapigo yake mpaka juu. Ulidunda chini ya msalaba ibada nzima.

Kule chini Thozama aliweka kiganja kifuani, akakuta kimya. Hakuogopa. Alisema, "Bwana, ni mimi tena." Jibu lilitoka kileleni, likachelewa kuliko siku zote, likafika.

Mchana moyo ulirudi pamoja na akina mama, ukaingia mahali pake. Waliposhuka wote, kikao kilifanyika darajani.

"Nilipanda nao," alisema MamBhele. "Haukuketi hata mara moja. Mimi mwenyewe niliketi mara mbili, na blauzi ninayo. Mvikeni mtoto wa watu."

"Moyo umepanda," alisema MaRadebe. "Yeye hakupanda. Kanuni inamtaja mtarajiwa, haitaji kiungo." Alifikiri kidogo. "Lakini akisimama wa nyumbani kwake, mimi naweza kufumba jicho. Yupo?"

Watu wote walimtazama Zoleka. Zoleka alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu. Alipomaliza kimoja, alifungua cha pili, akaanza kukifunga upya. Moyo wa Thozama ulikimbia, na kwa kuwa haukuwa na siri tena, kila mtu alisikia ulivyokimbia, kisha akasikia ulivyopunguza mwendo.

"Basi, mwakani," alisema MaRadebe.

Hata hivyo ilionekana si haki moyo uliopanda usipewe kitu. Wakakata kipande cha kitambaa chekundu, ukubwa wa kiganja, wakakibana kwa pini upande wa kushoto wa shati jeupe. Blauzi ya moyo, walisema, si ya mtu. Iliandikwa kwenye muhtasari. Thozama aliwashukuru.

Alhamisi iliyofuata saa nane mchana, alipiga pasi kola, mikono, na mstari wa vifungo. Kisha alipiga pasi kipande chake. Hakikuchukua muda.

"Ulikuwa unafunga kiatu, dada," alisema.

"Kilikuwa kimelegea."

"Vyote viwili?"

Zoleka aliitazama kola. Safari hii haikuwa na mkunjo. Thozama alimpa blauzi ikiwa bado ina moto wa pasi.

Zoleka alitangulia. Thozama alimfuata polepole, akachuchumaa mara mbili njiani. Moyo wake ulikuwa umekwisha kufika kanisani, na akina mama walikuwa wameanza kuimba.