Fimbo kwa Kila Mkato

Fimbo ya saba ndiyo iliyovunja kidole cha binti. Mwalimu wa Kiingereza aliusikia mlio, akadhani ni fimbo inapasuka, akaongeza ya nane.

Sheria yake ilijulikana shule nzima. Sifa za Kiingereza zikifuatana mbele ya jina, sharti mkato, ile alama ya koma, uzitenganishe. Ukikosekana mmoja, fimbo moja. Kwa woga watoto wakaanza kuimwaga mikato kama chumvi, hata pasipotakiwa. Na kwa kila uliozidi pia akawachapa fimbo moja. Jamani, wafanye nini sasa? Binti huyu alizidisha minane katika insha ya kumsifu mama yake.

Kesho yake mama mwenyewe aliingia darasani bila hodi. Alikuwa mponda kokoto, mwanamke wa mikono migumu, vumbi la mawe bado kwenye nyusi.

"Fimbo iko wapi, mwalimu?"

"Mama, tafadhali, twende ofisini tukazungumze."

"Daktari kasema kidole hakitakunjika tena. Tuzungumze nini?"

Aliiona mezani, akaitwaa. Pigo la kwanza lilimpasua mwalimu mdomo, la pili likamchana juu ya jicho. Alianguka katikati ya madawati, damu ikimwingia machoni, akajikunyata huku mateke yakimshukia mbavuni. Watoto arobaini walitazama tu. Hakuna aliyekimbia kuita mtu. Miaka yote ya kufundisha mwalimu alijiambia kwamba anawachapa kwa sababu anawapenda na wao wanajua. Sasa aliwatazama usoni mmoja mmoja, akaona hawajui kitu cha namna hiyo. Hilo lilimuuma kuliko mbavu.

Fimbo ilikatika. Mama akanyanyua kiti cha chuma juu ya kichwa cha mwalimu.

"Mama, basi!" Binti alijirusha, akamkumbatia kiunoni. "Utamuua! Watakufunga, nami nitabaki na nani?"

Kiti kilianguka pembeni. Mama alikaa chini palepale, akalia kwa sauti.

Mwalimu alijikokota hadi ukutani, akatema jino. Alijua fika ni nani aliyemwokoa, na kwamba hakuokolewa kwa kupendwa. Hata hivyo alitaka kusema asante, alitaka kuomba radhi, lakini mdomo uliovimba ulikataa. Akainua mkono kumwelekea binti.

Binti alifumba macho, akamnyooshea mkono wenye bendeji, kiganja juu, akisubiri fimbo.