Mkono wa Kushoto wa Joram

Simu ilimkuta Wesonga kazini Nakuru, katika ghala la saruji na mabati alikokuwa msimamizi. Jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la Joram, kwa hiyo alipokea kwa utani, akasema leo hana muda wa kumsikiliza mtu anayesifu mashine zilizokufa. Iliyojibu ilikuwa sauti ya Becky, mke wa Joram, ikimsalimu kwa upole kama mtu anayebisha mlango wa nyumba asiyoijua vizuri.

Becky hakuzunguka. Joram alikuwa ameanguka Jumapili asubuhi wakijiandaa kwenda kanisani. Madaktari walisema ni kiharusi. Upande wote wa kulia umelala, na maneno yamempotea. Sasa amerudishwa nyumbani, na kila akiishika simu yake kwa mkono uliobaki mzima, anafungua mahali palepale, penye ujumbe wa Wesonga, anautazama tu. Ndiyo maana ameona apige.

Wanaume hao wawili walikuwa wamekulia Nyalenda, mtaa wa Kisumu, vyumba vyao vikitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Babake Wesonga alitoka Busia kuja kufanya kazi ya mjengo. Mamake Joram, Mama Adongo, alikuwa mjane kutoka Katito aliyeuza omena, dagaa wa ziwani. Watoto walikula popote palipoiva kwanza. Joram alimfundisha Wesonga Kijaluo mpaka wageni wakawa wanadhani ni ndugu, na Mama Adongo alipogawa vitonge vya ugali hakuwahi kuuliza mkono huu ni wa nani.

Lakini walichokipenda kuliko chakula kilikuwa kibanda cha michezo ya video cha Obiero. Kilikuwa cha mabati, hakina dirisha, ndani kuna televisheni nne zenye migongo mikubwa na benchi lililong'arishwa na kaptura za watoto. Huko ndiko walikoziona mashine zikija na kupita. Kwanza zile za kaseti, ambazo zilipogoma ulizitoa kaseti ukazipuliza vumbi kwa pumzi yote. Kisha ikaja PlayStation ya kwanza, ya kijivu, yenye kifuniko cha duara kama sufuria. Ilipozeeka ikawa haisomi sahani za michezo mpaka uipindue iangalie chini, na watoto wakazoea kuiona hivyo, miguu juu, kama kobe aliyeangushwa. Mwishowe ikaja ya pili, nyeusi, na foleni ikafika hadi kwenye bomba la maji.

Wesonga alihamia kwa ile nyeusi siku ya kwanza tu. Aliona nyasi zikitikisika, mvua ikinyesha uwanjani, mashabiki wakiinuka. Joram alikataa. Alibaki kwenye benchi la pembeni na ile ya kijivu, akisema kwamba wachezaji wa mashine mpya wameshamalizwa kutengenezwa, huna la kuwaongezea. Wale wa zamani hawakuwa hata na macho, ulilazimika kuwawekea wewe mwenyewe. Walibishana juu ya hilo wakiwa na miaka kumi na tano, na hawakuacha tena.

Wesonga alipoondoka kwenda kutafuta maisha na Joram akabaki Kisumu kuwa fundi wa umeme, ubishi ulihamia kwenye simu. Kwa miaka kumi na miwili waliandikiana karibu kila wiki. Mmoja alituma picha ya mashine fulani aliyoiona mahali, mwingine akajibu kwa matusi ya kirafiki. Ndiyo ilikuwa salamu yao. Aliyepata mtoto alitaja katikati ya hoja, kisha hoja ikaendelea.

Kulikuwa na jambo moja tu lililokaa vibaya. Mama Adongo alipofariki, miaka sita iliyopita, Wesonga hakuenda kumzika. Aliandika kwamba tajiri wake amemnyima ruhusa. Ukweli ni kwamba wakati ule hakuwa na tajiri. Alikuwa amefutwa kazi miezi miwili kabla, amehamia kwa shemeji yake, na hakuweza kujifikiria amesimama mbele ya watu wa Katito na mikono mitupu na viatu vile. Joram alijibu, akimwita ndugu kwa Kijaluo, "Sawa, omera," basi. Baada ya wiki mbili akatuma picha ya ile mashine ya kijivu, na ubishi ukaanza upya. Wesonga alishusha pumzi, akalichukua kuwa ni msamaha. Hakuwahi kuuliza.

Sasa aliomba siku nne, akaenda Kisumu.

Alimkuta Joram kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akilinde. Alikuwa amekonda, mdomo umevutwa upande mmoja. Alipomwona Wesonga macho yake yalijaa, akafungua kinywa, akasema, "Kesho."

Becky alikuwa ameshamwonya. Neno hilo ndilo lililosalia. Akitaka maji anasema kesho. Akisikia maumivu, kesho. Akimwita mkewe, kesho, na Becky huitika. Anayasikia yote anayoambiwa, lakini kila akitafuta neno la kujibu, linalotoka ni hilohilo, na yeye mwenyewe hulisikia kwamba si lenyewe, akafumba macho kwa hasira.

Wesonga alikaa naye asubuhi nzima na akagundua kwamba hajui la kuzungumza. Alijaribu kuuanzisha ubishi wao, akasifu mashine nyeusi, lakini kubishana na mtu asiyeweza kukurudishia ni kama kumpiga aliyelala. Akauacha. Mchana alimwambia Becky anatoka kidogo.

Alimtafuta Obiero. Watu wa Nyalenda walimwelekeza Otonglo, ambako mzee yule siku hizi alitengeneza redio kando ya soko, chini ya mwavuli mkubwa uliofifia. Wesonga alimsalimu kwa furaha, akajitaja, akamtaja Joram, akataja benchi na mashine iliyopinduliwa. Obiero alimtazama kwa adabu. Alisema watoto walikuwa wengi sana, baba, asingeweza kudanganya kwamba anawakumbuka. Wesonga hakutarajia kuumizwa na jambo dogo kama hilo, lakini liliuma. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba kuna mtu wa tatu aliyeyabeba yale mambo.

Hata hivyo mashine ilikuwepo. Obiero aliitoa kwenye gunia, imekwaruzika, pamoja na pedi moja ya kuchezea na sahani tatu. Moja ilikuwa ya mchezo wa mpira. Alikataa malipo aliposikia ni ya mgonjwa. Alichosema tu ni kwamba haisomi ikikaa sawasawa.

"Najua," Wesonga akasema.

Kuiunganisha kwenye televisheni ya Joram, iliyokuwa nyembamba ya kisasa, kulimchukua muda, na Joram aliufuata kila waya kwa macho ya kifundi, akikoroma Wesonga alipokosea. Picha ilipotokea, iliyovunjikavunjika, wachezaji wa pembe nne wasio na nyuso, Joram alicheka. Kilikuwa kicheko kizima, hakikuguswa na ugonjwa. Becky alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akasimama akisikiliza.

Kisha Wesonga akamwekea pedi mapajani, na hapo ndipo wote walipoona kosa. Pedi ile inataka mikono miwili. Wa kushoto unawaendesha wachezaji, wa kulia unapiga. Joram aliishika kwa kushoto, akamkimbiza mchezaji wake hadi langoni, akafika, akabaki amesimama na mpira miguuni. Hakuwa na cha kupigia. Akamkimbiza tena, akasimama tena. Kicheko kilikauka usoni.

Wesonga alivuta kiti chake, akakiweka upande wa kulia wa Joram, bega kwa bega, akaingiza mkono wake wa kulia kwenye upande wa pedi uliobaki wazi.

"Wewe kimbia," akamwambia. "Mimi napiga."

Mwanzoni walikuwa vichekesho. Joram alikimbia kushoto wakati Wesonga ameshapiga kulia. Walipoteza mpira, Joram akamsukuma kwa kichwa. Lakini alasiri ile, na kutwa nzima iliyofuata, na iliyofuata tena, walijifunza. Wesonga aliacha kutazama kioo peke yake, akaanza kusikiliza kidole gumba cha mwenzake. Kikikaza, alijua anataka pasi ndefu. Kikilegea, subiri. Siku ya tatu walifunga bao ambalo hakuna kati yao ambaye angeweza kulifunga peke yake hata zamani, na Joram alikilaza kichwa chake begani kwa Wesonga, akakiacha hapo wakati wachezaji wasio na macho wakishangilia.

Wesonga alihisi kwamba kama hatasema sasa hatasema kamwe. Becky alikuwa amekwenda dukani. Aliendelea kutazama televisheni.

"Mama alipozikwa, sikunyimwa ruhusa," akasema. "Sikuwa na kazi. Niliona aibu kuja. Nilikudanganya, Joram. Alinilisha miaka yote ile na sikuja kumtupia hata udongo."

Kidole gumba kilisimama. Joram aliinua kichwa, akamgeukia. Alifungua kinywa, akapambana. Mshipa wa shingo ulitokeza. Mara mbili alianza na kuacha, na Wesonga alimwona akilitafuta neno huko lilikojificha, akilijua, akilikosa.

"Kesho," Joram akasema. Akatikisa kichwa. "Kesho. Kesho."

Huenda alisema amemsamehe. Huenda alisema alijua siku zote. Huenda pia alikuwa akimuuliza kwa nini amengoja mpaka sasa, wakati hawezi tena kumjibu. Wesonga alimshika ule mkono wa kulia uliokuwa juu ya mto, ambao haukuhisi kitu, akaushikilia mpaka Becky aliporudi.

Aliondoka kesho yake, akaahidi kurudi mwisho wa mwezi. Kila jioni Becky alimpigia, na Joram alitamka neno lake, na Wesonga akamweleza yaliyotokea ghalani. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili alikuwa akimsimulia maisha yake: mgongo unaomsumbua, mwanawe aliyekataa shule, miezi ile aliyoishi kwa shemeji. Aliyasema yote kwa sababu upande wa pili hakukuwa na mtu wa kugeuza mazungumzo.

Wiki ya tatu kiharusi kilirudi. Joram alifia njiani kwenda hospitali.

Walimzika Katito, kwenye boma la watu wa babake. Safari hii Wesonga alifika siku mbili mapema. Alichimba na vijana, akabeba jeneza, akasimama mbele ya kaburi la Mama Adongo lililokuwa hatua chache kutoka hapo, saruji yake imepasuka kwenye kona. Marafiki wa marehemu walipoitwa, alipewa kipaza sauti. Alisema Joram alikuwa ndugu yake tangu wakiwa watoto, kwamba aliyajua mawazo yake hata bila maneno. Watu waliguna kwa kuridhika, akarudi kukaa.

Baada ya kula, watu walipoanza kutawanyika, Becky alikuja akaketi kando yake. Alikuwa na simu ya Joram mkononi. Alimwambia kwamba daktari aliona dalili za shinikizo la damu la miaka mingi. Yeye mkewe hakuambiwa lolote. Kwenye kabati alikuta vidonge vya zamani, karatasi za kliniki za tangu kabla mama mkwe hajafa, vyote vimefichwa ndani ya buti za kazi.

"Nikasema, basi alimwambia Wesonga," akaendelea. "Wanaume wana mambo yao. Nimesoma ujumbe wenu wote, shemeji. Miaka kumi na miwili. Nilikuwa natafuta mahali amekuambia kichwa kinamuuma."

Wesonga hakuinua macho.

"Hakuna," Becky akasema. "Ni mashine tu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hata siku ya karatasi ya kwanza ya kliniki nimeitazama tarehe. Mlikuwa mnabishana kuhusu mvua kwenye gemu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza, na Wesonga alijua kwamba yeye ndiye aliyebaki wa kuulizwa. Alitaka kumwambia kwamba yale hayakuwa mashine tu, kwamba kila walipobishana walikuwa wamerudi kwenye benchi lile, mtu hajafa, mtu hajafukuzwa kazi, Mama Adongo anapika. Lakini aliona kwamba hilo halikuwa jibu la alichoulizwa.

"Sikumuuliza," akasema. "Hata mara moja. Na yeye hakuniuliza."

Becky alitikisa kichwa polepole. Akaizima simu, akaiweka mfukoni mwa gauni lake jeusi. Akasema vile viti ni vya kukodi kutoka kanisani na gari lao linakuja saa kumi na moja. Wesonga alivua koti, akaanza kuvipanga kimoja juu ya kingine, na Becky, ingawa wanawake walimwita apumzike, alibaki akimletea vingine.