Tunajaribu Tu

Kwao Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mwanamke akisifiwa mchuzi wake hasemi asante. Anasema, "Aa, mmekula kwa sababu ya njaa tu." Ukimwuliza kazi inaendaje atakujibu, "Tunajaribu tu," hata kama nyuma yake masufuria manne yanachemka kwa pamoja na wageni sitini wameshashiba. Fébronie alitoka Bujumbura na watoto wawili na blanketi moja, na njiani aliacha mengi, lakini adabu hiyo hakuiacha. Alifika nayo Stockholm, akaingia nayo jikoni Sankt Fabian, chuo kidogo cha Kikatoliki chenye wanafunzi sabini na kikanisa kisichozidi ukubwa wa darasa moja. Waswidi walipomsifu hakujua kuisema vizuri kwa lugha yao, kwa hiyo alicheka tu na kuwaongezea kijiko kingine.

Jiko lilikuwa chini, madirisha yake yakiwa usawa wa ardhi, hivi kwamba miezi ya theluji nusu ya kioo ilizibwa na weupe na nusu iliyobaki ilionyesha miguu. Kwa miaka kumi na sita Fébronie aliwajua wanafunzi kwa viatu kabla hajawajua kwa nyuso. Viatu vilivyokanyagwa kisigino vilikuwa vya Noah, kijana wa Märsta ambaye tumbo lake halikupatana na ngano. Buti za kahawia zenye kamba za zambarau zilikuwa za Hanifah, Mwislamu wa Uganda aliyekuja kusoma falsafa kwa mapadri, na kwa ajili yake kulikuwa na sufuria iliyopakwa rangi ya kijani mpinini, ambayo nyama ya nguruwe haikuwahi kuigusa. Jumatano na Ijumaa Waeritrea walifunga, basi siku hizo walipikiwa chungu chao kisicho na nyama, maziwa wala yai.

Yote hayo yalikuwa kwenye daftari. Lilikuwa na gamba jekundu lililoliwa na mvuke pembeni, nalo lilining'inia kwa kamba ya katani kwenye mpini wa kabati la viungo. Mwandiko ulikuwa wa Fébronie, mkubwa na wa kulala upande mmoja, isipokuwa ukurasa wa kwanza. Huo uliandikwa na Natacha.

Natacha alikuwa binti wa Concessa, jirani yake wa ngazi moja kule mtaa wa Akalla. Concessa alikuwa muuguzi hospitali ya Flemingsberg, zamu zake hazina mpangilio, na shule zilipofungwa mtoto alishinda na Fébronie jikoni, amekaa juu ya kreti la viazi, miguu haifiki chini. Alikuwa na miaka kumi na mmoja siku Fébronie alipomwambia, "Mwanangu, andika kwa Kiswidi kizuri, mimi nitataja majina." Akaandika, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, na kila jina akalipigia mstari kwa rula. Ukimsemesha Kiswahili alijibu Kiswidi, kama watoto wote wa Akalla, ila alipotaka kitu. Hapo Kiswahili kilirudi chenyewe, na lile neno la kwao la shangazi: "Tantine, nipe kamandazi kamoja."

Mtoto akakua, akasoma, akavaa koti refu la kijivu na miwani. Alipokosa kazi mwaka mzima, Fébronie ndiye aliyepanda ngazi na aproni yake hadi ofisi ya Padre Thomas, mkuu wa chuo, kumwombea. Padre alisema bahati nzuri wanaanzisha mpango wa ujumuishi na wanatafuta mratibu. Wiki tatu baadaye jina la Natacha lilikuwa kwenye mlango wa ghorofa ya pili, na mabango yakabandikwa kila korido: Kila mtu ana kiti mezani. Kwenye bango palikuwa na picha ya Fébronie ameshika upawa. Kila aliposhuka ngazi, Fébronie alijiangalia kwa aibu kidogo na furaha nyingi.

Januari Natacha alishuka jikoni, akakaa juu ya kreti la viazi kama zamani.

"Tantine, tuna vikao vya kusikilizana. Kila mfanyakazi atasema mwenyewe. Kuna maneno kwamba mkataba wa jiko utaangaliwa upya, kwa hiyo ni muhimu wakusikie."

Mkono wa Fébronie ulisimama juu ya karoti. "Utaangaliwa vipi? Wataniondoa?"

"Nani kasema kuondoa? Wanataka kusikia tu. Na usihangaike na Kiswidi. Sema kwa lugha ya moyo wako, mimi nitatafsiri. Ndiyo maana ya ujumuishi wenyewe."

"Kwa kuwa ni wewe," Fébronie akasema, "sina wasiwasi."

Siku ya kikao alivaa kitenge cha Pasaka. Walikuwa wanne mezani: Padre Thomas, Natacha, yeye, na Alma, katibu wa chuo, vidole vyake tayari juu ya kompyuta. Kulikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini ambayo Fébronie mwenyewe aliioka asubuhi.

Padre akauliza, kwa upole wake wote, kazi ya jikoni anaionaje.

"Aa, Padre," Fébronie akasema kwa Kiswahili, akitazama meza kama inavyopasa mbele ya mkubwa, "tunajaribu tu."

Natacha akatafsiri kwa Kiswidi cha ofisini, cha haraka. Alma akaandika.

Je, chakula kinawafaa wanafunzi wote, na dini zao, na afya zao?

"Mimi ni nani hata nijue? Napika ovyo ovyo hivyo hivyo, Mungu anasaidia. Watoto wenyewe ni wavumilivu."

Natacha alikigusa kikombe chake, hakunywa. Kisha akatafsiri, na Alma akaandika muda mrefu. Fébronie alidhani muda ule mrefu ni wa daftari: kwamba mtoto anamwongezea yale ambayo mwenyewe hawezi kuyasema kwa kinywa chake, kama wenye akili wafanyavyo. Mtu hujisifu vipi? Husifiwa na aliye pembeni yake. Alirudi jikoni moyo mweupe, akawapikia wanafunzi supu ya dengu na kuwazidishia limau.

Mwezi wa tatu, Matia alishuka na karatasi. Matia alikuwa fundi na mtunza jengo, Mganda aliyeishi Stockholm tangu enzi za ukimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia barabarani.

"Mama, toa chai kwanza. Leo mimi ni msomaji wa habari."

"Soma, bwana, usinipotezee muda. Maharage yangu yanaungua."

"Hii ni ripoti ya ujumuishi. Wewe umo ndani. Umekuwa mtu mkubwa, hata kunisalimia utakataa." Akavaa miwani, akaanza kugeuza Kiswidi kwa Kiswahili, polepole. "'Mpishi mwenyewe anakiri kwamba...' Hii ni nini? '...kwamba anapika bila mpangilio, na kwamba wanajaribu tu.'"

Fébronie akacheka. "Eh, Waswidi hawa! Endelea."

Matia hakucheka. "'Anasema hajui kama chakula kinawafaa wanafunzi. Wanafunzi wanavumilia. Jikoni hakuna kumbukumbu ya maandishi ya mahitaji yao.'" Akainua macho, yakaenda moja kwa moja kwenye daftari jekundu. "'Kwa kuheshimu sauti ya mfanyakazi, tunapendekeza jiko likabidhiwe kampuni ya nje yenye ujuzi wa vyakula vya dunia, kuanzia Juni.' Mama. Wewe ulisema hivi kweli?"

"Nilisema."

"Ulisema?!"

"Nilisema kama watu wanavyosema, Matia. Wewe ukienda kwa watu wakakwambia chakula ni kidogo, unaondoka na njaa?"

Matia akakunja karatasi mara nne. Chini kabisa, kabla hajaikunja, Fébronie alikuwa ameliona jina la mwandishi. Kiswidi hakikuhitajika kulisoma.

Alizima moto wa maharage, akafungua fundo la kamba, akapanda na daftari ghorofa ya pili. Natacha alipomwona mlangoni alisimama, na kusimama kule kwa haraka kulimwambia Fébronie kila kitu.

"Tantine, niliandika ulichosema. Neno kwa neno."

"Ndiyo. Mgeni angefanya hivyo hivyo, na mgeni nisingemlaumu. Mama yako akileta wali mezani husema nini?"

Natacha akainamia kompyuta yake. "Husema samahani, hakuna kitu."

"Na wewe huandika kwamba hapakuwa na kitu?"

Chini uani mtu alikuwa akikwangua barafu.

"Jiko lilishaamuliwa kabla hawajaniajiri," Natacha akasema, sauti ikishuka. "Walitaka tu liandikwe na mtu kama sisi, lisionekane baya. Ningekataa wangemtafuta mwingine. Na mimi mwezi wa sita mkataba wangu unakwisha, tantine. Wameniahidi kazi ya kudumu."

"Hilo ungelishuka ukaniambia. Ningekasirika, nikalia, nikakupa chai." Fébronie akafungua ukurasa wa kwanza, mistari ya rula imenyooka bado, akaweka kidole. "Jikoni hakuna maandishi. Hii nani aliandika?"

Natacha alitazama mwandiko wake wa utoto. Kisha akajibu, kwa Kiswidi: "Jag vet." Najua. Fébronie akafunga daftari, akatoka.

Alikwenda kwa Padre Thomas pia, kwa kuwa hakutaka kusema baadaye kwamba hakujaribu. Padre aligeuza kurasa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeshika kitu cha kanisani. Alisema ni hazina. Alisema uamuzi umeshapita bodini, na umetokana na maneno yake Fébronie, ndiyo uzuri wake. Yeye hapotezi kazi, atahamia usafi wa mabweni. Kisha uso ukamng'aa: daftari hili lazima liwekwe kwenye maonyesho, Siku ya Ujumuishi!

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Mei. Fébronie alipika, kwa sababu wanafunzi hawakuwa na kosa. Alianza saa kumi na mbili asubuhi: ndizi na maharage, sombe ya majani ya muhogo aliyoitwanga mwenyewe na kuitia karanga, samaki wa kukaanga, sufuria ya Hanifah kando, na maandazi ya Noah ya unga wa mchele, ambayo yalikataa kuumuka mara mbili, mara ya tatu yakakubali. Ukumbini daftari lilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na kikaratasi mbele yake: Sauti kutoka jikoni.

Watu walikula hadi wakakwangua masinia. Padre Thomas akagonga glasi, akamwita mbele. "Fébronie, tuambie neno kwa lugha yako. Natacha atatafsiri."

Natacha akaja, akasimama pembeni yake na kipaza sauti, akinukia sabuni ileile ya Concessa. Fébronie alitazama nyuso sabini. Maneno yalikuwa tayari kinywani, yalikuwa tayari tangu utotoni: mtusamehe, chakula kilikuwa kidogo, tumejaribu tu. Aliyasikia yanasukuma meno. Akayameza.

Akachukua kipaza sauti mkononi mwa Natacha na kusema kwa Kiswidi, polepole, kila neno peke yake kama anayehesabu mayai:

"Chakula ni kizuri. Nimekipika mimi. Mimi ni mpishi mzuri."

Mashavu yalimwaka. Mama yake angelisikia hilo angetoka chumbani kwa fedheha. Mtu mmoja akapiga makofi, akaacha. Natacha alikuwa amefungua mdomo, hana cha kutafsiri, na machozi yamejaa nyuma ya miwani.

"Tantine," akanong'ona, kwa Kiswahili. "Tantine, nisamehe."

Kiswahili kilikuwa kimerudi, kama kilivyorudi daima alipotaka kitu. Fébronie alimrudishia kipaza sauti kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mgeni kitu chake.

"Tack," akamwambia. Asante, ile ya Kiswidi, ambayo huambiwa mtu yeyote.

Akaenda kwenye meza ya kitambaa cheupe. Alma akasema kwa upole kwamba maonyesho yanaendelea hadi saa kumi. Fébronie akaitikia kwa kichwa, akafungua daftari, akaung'oa ukurasa wa kwanza, ule wa Natacha, taratibu usije ukapasuka, akaulaza juu ya kitambaa na kuunyoosha kwa kiganja. Yaliyobaki akayatia mfukoni mwa aproni.

Mlangoni Matia alikuwa ameshika sahani yake ya tatu. "Mama, sombe hii, sijui nisemeje."

"Sema ni nzuri," Fébronie akasema, akapita.