Anwani ya Kuazima

Mgeni kutoka kwetu akishuka tu na begi lake, wa kwanza kupigiwa simu ni mimi. Wananiita Mwenyeji, ingawa nchi hii mimi mwenyewe ni mgeni kama wao, fundi bomba ninayelala chumba kimoja juu ya duka la dobi. Nawaambia yale yale. Nunua laini ya simu kabla hujatoka kituoni. Usilipie nyumba ambayo hujaingia ukafungua bomba kwa mkono wako. Koti chukua la mtumba, ila kwenye viatu usifanye ubahili. Na nenda ofisi ya mtaa ukasajili anwani, maana bila anwani benki hawakujui, bila benki hupati kazi, na bila kazi hakuna mwenye nyumba atakayekupa hiyo anwani.

Hapo ndipo wanaponitolea macho. "Sasa kaka, anwani naitoa wapi?"

"Andika ya kwangu."

Ndivyo tulivyo. Mtu wa kwetu atahangaikaje na mimi nina mlango? Wakaandika, wakapata kazi, wakahamia vyumba vyao wenyewe. Kwenda kujifuta kwenye daftari la ofisi hakuna aliyekumbuka, wala mimi sikukumbusha. Niliona wameondoka, basi wameondoka. Kumbe kwa serikali mtu haondoki mpaka aseme mwenyewe.

Mwaka huu niliomba ruhusa ya kuwaleta mke wangu na binti yetu. Binti nilimwacha hajaota meno, sasa ananibishia kwenye simu. Nilipaka chumba rangi, nikafunga kitanda kidogo karibu na dirisha, nikamwonyesha kwenye simu. Akataka shuka ya njano. Nikanunua ya njano.

Karani wa uhamiaji, dada mpole, alinigeuzia kompyuta yake.

"Chumba chako kimejaa."

"Naishi peke yangu!"

"Na hawa wote walioandikwa kwako je? Chumba kama hiki ni watu watatu, basi. Waje wajifute, au wewe uripoti hawapo tuwafute. Fanya kabla mwezi haujaisha. Baada ya hapo sheria inabadilika, wa chumba kimoja haleti familia tena."

Nilipiga simu mpaka sikio likapata moto. Wakaja, siwasingizii, mmoja mmoja wakajifuta. Akabaki shemeji, mdogo wake mke wangu. Huyu analala stoo ya gereji anakoziba matairi, na tajiri wake hataki hata kusikia habari ya kumwandikisha pale. Kibali chake cha kukaa nchini kinategemea anwani yangu. Nikimfuta, wanamrudisha kwetu.

Nikawarudia wale wale niliowaandika kwangu. Mmoja tu amchukue kijana, hata kwa jina! Mpishi akasema mwenye nyumba wake mkali. Dereva akasema na yeye analeta mke. Muuguzi hakupokea simu kabisa. Niliwachukia siku hiyo, na bado nawachukia.

Nikamfuata shemeji gereji. Alikuwa amechuchumaa na tairi, hakuinua uso.

"Nifute tu, shemeji. Nitajua la kufanya."

Hakuwa na la kufanya. Tulijua wote wawili.

Nikampigia mke wangu, nikamweleza lote.

"Mama hali chakula vizuri siku hizi," akasema. "Kitu pekee kinachomwinua kitandani ni sauti ya huyo mwanawe. Ukimfuta, mimi nitaingia vipi kwa mama?"

"Na nisipomfuta?"

Nilimsikia akivuta kamasi.

"Muache, baba. Muache hapo hapo. Ila mwanao mwambie mwenyewe, mimi siwezi."

Sikumlaumu. Moyoni nilikuwa nimeomba aseme vingine, nami nikaona aibu kwa kuomba hivyo.

Mwezi ukaisha, sikumfuta. Jioni ile nilikaa kwenye kile kitanda kidogo, magoti yakinifika kifuani, nikapiga. Binti akaidaka simu kabla sijapanga maneno.

"Baba, shuka yangu ipo?"

"Ipo, mama."

"Nionyeshe."

Nikanyanyuka, nikamwelekezea simu. Shuka ilikuwa bado na mikunjo ya dukani, ila pale nilipokuwa nimekaa.

Akaichungulia. "Mbona imekunjamana pale? Kuna mtu analalia kitanda changu?"

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna mtu."

Akacheka kwa furaha, akamwita mama yake aje aone.